Kuisoma Lehemu: Namna ya Kupima Kadi ya Michoro Iliyotengenezwa Nyumbani

Muuzaji atakuambia, "Inawaka, kaka, cheki mwenyewe," na kweli itawaka. Picha itatokea, feni zitazunguka, taa za rangi zitameremeta. Kuwaka si hoja. Kadi ya michoro iliyodondoka ikapasuka pembe, au iliyong'olewa kijipande mgongoni kwa bisibisi iliyoteleza, inaweza kuamshwa na yeyote mwenye chuma cha kulehemu cha bei poa na bahati kidogo. Tofauti kati ya ufundi na kubahatisha hujitokeza baada ya mwezi, tena kadi ikiwa imepata moto katikati ya kazi. Maelezo haya ni kwa anayetaka kuiona tofauti hiyo mapema, kabla hajatoa hela, au kabla hajairudisha ndani ya kompyuta kadi aliyoitengeneza mwenyewe mezani kwake.

Kipimo changu kikuu ni kwamba fundi mzuri hugusa kidogo. Aliyebadilisha kapasita moja aache alama ya kapasita moja. Nikikuta bodi imebabuka eneo la ukubwa wa kiganja kwa ajili ya kijipande kisichofika milimita moja, sina haja ya kuuliza zaidi: aliyeshika bloa ya hewa ya moto alikuwa anatafuta tatizo, hakuwa amelijua. Karibu vipimo vyote vingine vinazaliwa na hicho.

Anza na mwanga. Taa ya dari huficha mengi. Vua hitisinki, yaani chuma cha kupozea, kama umeruhusiwa, laza kadi mezani, punguza mwanga wa chumba, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni ili mwanga ulale sambamba na bodi. Kila kilichoinuka kitatupa kivuli: kapasita iliyokaa upande, rangi ya kinga iliyofura, bodi iliyopinda. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kwa kuanzia. Mwenye hadubini ana raha yake. Kabla ya kuhukumu, safisha eneo kwa isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa waachie wenye vidonda, ina maji mengi.

Sasa angalia lehemu yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Kapasita nyingi za mgongoni mwa kadi zina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake, na nyingine hushuka hadi milimita 0.6 kwa 0.3. Kwenye kiungo kizuri, lehemu imepanda kutoka kwenye shaba ya bodi hadi ubavuni mwa kapasita kwa mteremko uliobonyea kidogo, na ukingo wake umetandazika mpaka huoni unapoishia. Kiungo kibaya kimevimba kikawa tone, ukingo wake umejikunja kwa chini. Maana yake lehemu imekalia shaba bila kushikamana nayo. Kapasita yenyewe ilale tambarare, huku na huku lehemu iwe ya kiasi kilekile. Ikiinuka upande mmoja hata kwa unene wa unywele, ujue upande mmoja uliyeyuka kabla ya mwingine na fundi hakurudi kuuweka sawa.

Wengi hupima kwa kung'aa. Hicho ni kipimo kilichopitwa na wakati. Lehemu ya zamani yenye risasi, ile ya 63 kwa 37, huyeyuka nyuzi 183 na hupoa iking'aa. Tangu masharti ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza risasi kwenye vifaa vya umeme yaanze kufanya kazi Julai 2006, viwanda vilihamia lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220 na kupoa ikiwa ya kijivu iliyofifia kidogo. Kwa hiyo ufifio peke yake si kasoro. Na kiungo kinachometa katikati ya viungo vya kijivu kinakuambia habari nyingine: hapa paliguswa na mkono wa mtu. Hilo halinisumbui. Mafundi wengi hodari hutumia lehemu ya risasi kwa makusudi, kwa sababu joto dogo linatosha na bodi haiumii. Ninachotaka kuona ni kwamba aliivuta kwanza lehemu ya kiwandani kwa utambi wa shaba, akaanza na kituo cha shaba kilicho kisafi, badala ya kurundika mpya juu ya kuukuu.

Viwanda vina kitabu chao cha hukumu hizi, IPC-A-610, kinachoonyesha kwa picha kiungo cha kukubaliwa na cha kukataliwa, kwa madaraja matatu. La 3 ni la vifaa ambavyo vikizima mtu anaweza kufa. Kadi ya kuchezea gemu au kuhariria video haihitaji ukali huo, lakini macho yaliyozoea picha za kitabu kile hayadanganyiki kirahisi, na kijana anayejifunza angefanya vizuri kuzitazama kabla ya kununua bloa.

Kuzidi kwa joto kuna dalili zake. Rangi ya kinga ya bodi hufura vijipovu au kubadilika kuwa ya kahawia. Plastiki ya viunganishi hulegea pembe. Kapasita za jirani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, husogea au kusimama kwa mguu mmoja. Upungufu wa joto nao upo, tena hutokea zaidi nyumbani: bodi ya kadi ina tabaka nyingi za shaba, na kituo kilichounganishwa na ardhi ya umeme hunywa joto la chuma kidogo mpaka lehemu inagoma kuyeyuka. Fundi anayejua hupasha bodi kwa chini kwanza, nyuzi 100 na kitu, ndipo alete chuma juu. Asiyejua hukandamiza. Vituo vya shaba vilivyong'oka kwenye bodi karibu vyote ni kazi ya kukandamiza.

Flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, ni jambo dogo linalopuuzwa sana huku kwetu. Inayobaki huonekana kama utando wa rangi ya asali, unaonata ukiugusa, au ukungu mweupe pale isopropili ilipopakwa bila kufutwa. Flaksi bora ya kutosafishwa haileti madhara ikiwa imepashwa moto ipasavyo. Ya bei ya kutupa, isiyo na jina la kuaminika, hunyonya unyevu. Kwa anayeishi Dar, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, mabaki hayo ni mwanzo wa kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu. Kadi iliyotoka kwa fundi ikiwa inanata, irudishe ikasafishwe kabla hujaongea habari nyingine.

Twende kwenye meno. Ile safu ya dhahabu inayoingia kwenye sloti ina migusano 164 kwenye kadi ya ukubwa kamili, 82 kila upande. Upande mfupi kabla ya pengo ndimo mnamopita umeme. Mrefu ni wa data. Meno machache ni mafupi kwa makusudi, ili yaguse sloti baada ya mengine, kwa hiyo usimshtaki mtu kwa jino ambalo kiwanda ndicho kilichofupisha. Meno yawe safi, yasiwe na lehemu hata tone. Kuna wanaoziba mkwaruzo wa jino kwa lehemu, wakaona wamemaliza. Lehemu ni laini na nene, hubaki ndani ya sloti na kuiharibu bodi mama. Jino lililosuguliwa kwa kifutio cha mchanga nalo limepoteza dhahabu yake, na shaba iliyo wazi haitakaa sana kabla ya kuchakaa.

Juu kidogo ya meno utakuta kapasita ndogo zimejipanga jozi jozi. Hizi ndizo zinazong'oka zaidi, maana kadi ikiburuzwa mezani au ikigonga ukingo wa kesi ya kompyuta, hapo ndipo panapogusa. Kila njia ya data inayotoka kwenye kadi ina mbili. Kadi yenye njia 16 ina 32. Ikikosekana moja, kadi inaweza kuendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu, ila njia zimepungua kutoka 16 hadi 8, au 4, au 1. Mchezaji wa gemu anaweza kukaa nayo mwaka asigundue.

Ndiyo maana muuzaji wa "inawaka" simsikilizi. Nafungua programu ya GPU-Z, nasoma mstari wa Bus Interface. Kabla ya alama ya @ ni uwezo wa kadi; baada yake ni kile inachokitumia sasa. Ikiandika x16 4.0 @ x16 1.1, hakuna ubaya: kasi hushuka kadi ikiwa imepumzika ili kuokoa umeme, na itapanda ukiipa kazi. Ikiandika x16 4.0 @ x8, na bodi mama inatoa njia 16 kwenye sloti hiyo, kuna kitu. Lakini usimvunjie mtu heshima bila kujua: RTX 4060 na RX 6600 zimetengenezwa na njia 8 tangu kiwandani, na RX 6500 XT ina 4 tu.

Kapasita za aina hii hazina maandishi. Rezista kubwa kiasi mara nyingi hubeba tarakimu mgongoni na koili huandikwa thamani yake, lakini kapasita ya kauri ni kijitofali cha kahawia kisichosema neno. Basi swali linalomtenga fundi na mbahatishaji ni moja: "Uliitoa wapi?" Jibu zuri ni kwamba ilitoka kwenye kadi mfu ya modeli ileile, nafasi ileile, au kwamba anajua thamani yake; kwa njia za data za kadi za siku hizi, nanofaradi 220 ndiyo ya kawaida. Jibu baya ni, "Nilipata yenye saizi ileile." Saizi haisemi kitu kuhusu kilichomo ndani.

Mgongoni mwa chipu kubwa mambo hugeuka. Pale kuna makumi ya kapasita zinazosimama kati ya umeme na ardhi, zikisaidiana kuutuliza umeme wa chipu. Ikidondoka moja, mara nyingi kadi haitajua. Hapo ufundi wa juu unaweza kuwa kutolehemu kabisa: kuhakikisha kwa mita kwamba vituo viwili vilivyoachwa wazi havijapiga shoti, kusafisha, na kuacha. Kupasha moto mgongo wa chipu ili kurudisha kapasita moja kati ya makumi ni kuhatarisha kikubwa kwa ajili ya kidogo. Nikimwona mtu ameacha pengo safi mahali kama hapo na akaweza kunieleza kwa nini, heshima yangu kwake inaongezeka. Ila awe anajua kusoma mita. Kwenye kadi kubwa za sasa, umeme wa chipu ukipimwa dhidi ya ardhi hutoa chini ya omu 1, na mita ya kawaida hulia mlio wa shoti. Ni hali ya kawaida. Kadi nzima nyingi zimekatiwa hukumu ya kifo kwa sababu ya mlio huo.

Njia ya shaba iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba wenye vanishi. Waya mzuri umefuata njia ya asili, umelala kwenye bodi, umefunikwa kwa rangi ya kinga inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno. Kwenye jozi ya data, nyaya mbili zilingane urefu. Waya uliopaa hewani, hata ukipitisha umeme leo, siku hitisinki itakapofunguliwa tena utakatika.

Ufa ni jambo zito. Kadi kubwa za miaka hii, kama RTX 4090, huvuka kilo 2, na uzito wote huo unaning'inia kwenye sloti. Kompyuta ikisafirishwa kadi ikiwa ndani, kwa basi la Mwanza au kwa boti, mtikisiko huishia karibu na kile kindoano kinachoshikwa na kufuli ya sloti, na bodi hupasuka hapo. Ufa huo ni mwembamba sana. Utauona kwa mwanga wa pembeni tu, ukianzia kwenye kona ya ndani ya kindoano na kupanda kuelekea kwenye chipu za kumbukumbu. Dalili yake ni kadi inayoonekana ukiinyanyua kwa kidole na kupotea ukiiachia, au picha inayochafuka mabaka ya rangi.

Kwenye ufa sina upole. Bodi hizi ni tabaka juu ya tabaka, zaidi ya kumi kwenye kadi za juu, na waya wa juujuu huponya tabaka la juu tu. Wapo mafundi wachache wanaochimba tabaka moja moja chini ya hadubini na kuunganisha kila njia, na kazi yao ni ya kuvuliwa kofia, lakini ni kazi ya siku nyingi na bei yake hulingana. Aliyemwaga gundi kali juu ya ufa na kukwambia ameutengeneza ameuficha. Muuzaji akikupa na kijiti cha kuegemezea kadi kwa chini, kama zawadi, kagua kindoano mara mbili.

Kuhusu kuoka kadi kwenye oveni ya jikoni: mbinu hii ilipata sifa enzi zile chipu nyingi za Nvidia zilipokuwa zinakufa kwa kasoro ya vifaa vya ndani ya chipu yenyewe, kiasi kwamba Julai 2008 kampuni ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mapajani. Joto lilisogeza viungo vidogo vya ndani vikagusana tena kwa muda, watu wakadhani wameponya lehemu ya chini. Haikuponya kitu wakati ule, na kadi iliyovunjika kwa kudondoka haina ugonjwa huo hata kidogo. Ukiona plastiki za viunganishi zimelegea zote kwa pamoja, kadi nzima, achana nayo. Na oveni inayopika chakula isitumike tena kwa mambo hayo.

Kiunganishi cha umeme kilichobadilishwa kisimame wima, kikalie bodi bila mwanya, na lehemu ionekane imepenya hadi upande wa pili wa kila tundu. Kile cha pini 8 hubeba wati 150. Kile kipya cha pini 16 kimeidhinishwa hadi wati 600, yaani ampea 50 kwa volti 12, na kikiwa na hata pini moja iliyobadilika rangi simlipi mtu. Feni iliyovunjika pangaboi ni jambo la kununua nyingine. Gundi huifanya itetemeke na kuua beringi.

Hitisinki hurudishwa vibaya kuliko watu wanavyodhani. Kabla haijarudi, tazama pembe nne za chipu kubwa: silikoni yake iko wazi, na kona iliyobanduka ni msiba usio na fundi. Pedi za kumbukumbu ziwe za unene uleule wa kiwandani. Nene kupita kiasi huinua hitisinki na kuacha chipu bila mgusano. Hili hujionyesha kwenye programu: joto la chipu na la sehemu yake yenye moto zaidi hutofautiana kwa nyuzi 10 au 15 kwa kawaida, na tofauti ikifika 30 hitisinki haijakaa.

Jaribio la mwisho huwa na sehemu tatu. Ipe kadi kazi nzito kwa nusu saa au zaidi, ukisikiliza na kutazama joto. Kisha pima kumbukumbu. Programu ya OCCT ina kipimo cha kumbukumbu ya kadi, na kosa hata moja ni kosa. Halafu zima, acha ipoe kabisa, washa tena. Hii ya tatu ndiyo wauzaji wasiyoipenda, kwa sababu inakula muda, na ndiyo inayofichua nyufa: kinachogusana kikiwa moto huachana kikipoa. Ukinunua Kariakoo au Luthuli, mwambie mwenye duka mapema kwamba utakaa. Mwenye mali ya kweli atakuvutia kiti.

Mwombe pia fundi picha za kabla na baada. Siku hizi kila mmoja wao ana simu, na anayejivunia kazi yake huzipiga bila kuombwa. Kama hana picha, hajui kapasita ilitoka wapi, na hataki kadi ipoe, mlipe bei ya kadi mbovu. Hata kama inawaka.